Elimu katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara

Elimu katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara (kwa mazoea huitwa Mtwara Vijijini) inahusu shule za awali, msingi na sekondari za serikali zilizo chini ya halmashauri hiyo, katika Mkoa wa Mtwara, kusini-mashariki mwa Tanzania. Halmashauri inajumuisha pwani ya Mnazi Bay na sehemu ya bonde la mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Gesi asilia inachimbwa hapo, lakini sehemu kubwa ya fedha za kuendesha shule za eneo hilo haitokani na gesi, na maamuzi makubwa juu ya walimu hayafanywi na madiwani wake.

Eneo na mipaka

Wilaya ya Mtwara ina halmashauri tatu: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara na Halmashauri ya Mji wa Nanyamba. Hiyo ya mwisho ilikatwa kutoka Mtwara Vijijini mwaka 2015. Katika sensa ya 2012, kabla ya mgawanyo huo, Mtwara Vijijini ilihesabiwa kuwa na wakazi 228,003. Kwa hiyo takwimu za shule za kabla ya 2015 hazilingani moja kwa moja na za baadaye. Anayelinganisha idadi ya wanafunzi wa miaka hiyo miwili bila kukumbuka mgawanyo huo ataona "upungufu" ambao haukutokea.

Kata za pwani, kama Msimbati, Madimba na Msangamkuu, ziko ndani ya halmashauri hii. Msangamkuu inaonekana kwa macho kutoka bandari ya Mtwara, ng'ambo ya maji, na watu huvuka kwa pantoni au mashua. Hata hivyo shule zake ni za halmashauri ya wilaya, si za manispaa. Msimbati iko takriban kilomita 40 kutoka Mtwara mjini. Sehemu ya pwani hiyo iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye eneo la kilomita za mraba 650 hivi.

Historia kwa ufupi

Katika vijiji vya pwani, kusoma na kuandika kulianzia chuoni, yaani madrasa, kwa herufi za Kiarabu. Shule za misheni zilijengwa zaidi bara: Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenedikto wakaanzisha kituo cha Ndanda mwaka 1906. Pwani ya Waislamu ilibaki nyuma katika shule za aina hiyo, na wazazi wengi waliziona kama njia ya kubadili dini ya watoto wao. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa misheni zenyewe hazikuficha kusudi hilo.

Baada ya uhuru, Azimio la Musoma la 1974 liliweka lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi ifikapo 1977. Vijiji vya ujamaa vilipata shule, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakiwa kazini. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulianza 2002, mara baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Mpango wa sekondari (MMES) uliofuata mwaka 2004 ndio ulioleta "sekondari za kata". Kabla yake, mtoto wa Msimbati aliyefaulu alilazimika kwenda mbali, na nafasi zilikuwa chache mno.

Utawala: nani anaamua nini

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 katika mfumo wa madaraka mikoani, zikarudishwa kwa Sheria Na. 7 ya 1982 ya mamlaka za wilaya, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Shule za msingi ziko chini ya halmashauri tangu wakati huo. Uendeshaji wa shule za sekondari ulihamishiwa halmashauri baadaye sana, kuanzia mwaka 2008 na 2009.

Baraza la Madiwani ndilo chombo kikuu cha halmashauri. Lina madiwani waliochaguliwa katika kata, madiwani wa viti maalumu na mbunge, na humchagua mwenyekiti kutoka miongoni mwa madiwani. Masuala ya shule hupitia kwanza katika kamati ya kudumu inayoshughulikia elimu, kisha bajeti yake hupitia Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi Mtendaji, anayeteuliwa na Rais; yeye pia ni katibu wa baraza. Chini yake wapo Afisa Elimu wa shule za msingi na Afisa Elimu wa sekondari. Katika kata yupo Afisa Elimu Kata, ambaye zamani aliitwa Mratibu Elimu Kata.

Kila shule ya msingi ina kamati ya shule yenye wawakilishi wa wazazi, walimu na serikali ya kijiji, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Sekondari ina bodi. Kamati hizi ndizo zinazopaswa kupitisha mpango wa matumizi wa shule na kubandika taarifa ya mapato ubaoni. Zinatofautiana sana kwa nguvu: kamati yenye mwenyekiti anayejua kusoma hesabu huuliza maswali, nyingine hutia saini tu.

Nje ya halmashauri kuna mamlaka nyingine nne au tano. Ofisi ya Rais, TAMISEMI, inasimamia uendeshaji wa shule. Wizara ya Elimu inashika sera na udhibiti ubora wa shule (zamani ukaguzi). Mitaala ni kazi ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mitihani ni ya Baraza la Mitihani (NECTA). Nidhamu na upandishaji vyeo wa walimu ni kazi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Kuhusu ajira, kibali hutoka serikali kuu, na tangu 2024 waombaji hufanyiwa usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira.

Hapo ndipo lawama nyingi hukosea anwani. Mwananchi anayemdai diwani wake mwalimu wa hisabati anamdai mtu asiye na uwezo wa kuajiri. Alichonacho diwani ni kuuliza, katika kikao, kwa nini walimu waliokwisha kupangwa wamerundikana katika shule za barabarani huku shule ya mwisho wa njia ya mchanga ikiwa na watatu. Mgawanyo wa walimu ndani ya halmashauri uko mikononi mwa mkurugenzi na maafisa elimu wake, na baraza linaweza kulisimamia jambo hilo. Kiwango cha taifa kwa muda mrefu kimekuwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, lakini wastani wa halmashauri nzima unaweza kuficha shule moja yenye mwalimu mmoja kwa watoto mia moja.

Fedha

Fungu kubwa kuliko yote ni mishahara, nayo hulipwa na Hazina moja kwa moja kwenye akaunti za walimu. Halmashauri huiandika katika bajeti yake, lakini haiwezi kuihamishia kwenye kazi nyingine.

Fungu la pili ni ruzuku ya uendeshaji. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Kabla ya hapo ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka na ya bweni 70,000. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022. Kiwango cha ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, lakini si zote zinazofika shuleni: kwa msingi shilingi 6,000 hupelekwa shule na 4,000 hubaki kwa ununuzi wa vitabu; kwa sekondari nusu, yaani 12,500, ndiyo inayopelekwa shule. Fedha hizi huingia moja kwa moja katika akaunti ya shule bila kupitia halmashauri, na hilo limepunguza ucheleweshaji uliolalamikiwa sana zamani.

Hesabu yake ni rahisi. Shule ya msingi yenye wanafunzi 400 hupata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo inunue chaki na karatasi, ichape mitihani, itengeneze madawati na milango, na igharamie michezo. Kiwango cha shilingi 10,000 kilipangwa wakati wa MMEM, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na bei za vitu hazikusimama kuisubiri. Tena ruzuku hufuata idadi ya vichwa: shule ndogo ya kijiji cha wavuvi hupata kidogo, ingawa paa lake hugharimu sawa na la shule kubwa, na chumvi ya bahari hula mabati upesi zaidi.

Majengo hutegemea miradi ya serikali kuu: fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, zilizojenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini kote, na baadaye miradi ya BOOST kwa msingi na SEQUIP kwa sekondari, ambayo yote inatokana na mikopo ya Benki ya Dunia.

Yanabaki mapato ya ndani. Kwa halmashauri hii chanzo kikuu cha asili ni korosho, ambayo ushuru wake wa mazao ni asilimia 3 tangu 2017. Ushuru huo hupanda na kushuka na mavuno na bei ya mnada. Chanzo kingine ni ushuru wa huduma, ambao kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa hutozwa kama asilimia ndogo ya mauzo ya kampuni. Ni kwa njia hii hasa gesi hugusa bajeti ya halmashauri. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya AGIP ya Italia, ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara katikati ya miaka ya 2000, na tangu 2015 husafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Mrabaha na mgawo wa serikali huenda serikali kuu. Machafuko ya Mtwara ya mwaka 2013 yalihusu bomba, lakini swali lililokuwa nyuma yake, mkoa utapata nini, ni hilohilo linaloulizwa katika vikao vya shule.

Sheria ya Petroli ya 2015 inamtaka mwenye leseni kuwa na mpango wa uwajibikaji kwa jamii uliokubaliwa na serikali za mitaa. Michango ya namna hiyo inaweza kujenga darasa au bweni. Haiwezi kumlipa mwalimu kila mwezi. Aidha, asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kinachobaki kwa shule hugombewa pamoja na zahanati, maji na barabara.

Matokeo

Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zimekuwa miongoni mwa mikoa iliyo chini katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. NECTA huchapisha matokeo kwa kila halmashauri na kila shule, ingawa tangu matokeo ya 2022 imeacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Asilimia ya ufaulu peke yake haitoshi. Inaonyesha waliofanya mtihani, haionyeshi walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba kabla na hawakufika.

Sababu za utoro katika eneo hili zina kalenda yake. Korosho huvunwa kuanzia Septemba hadi Desemba, wakati ambapo darasa la saba, darasa la nne, kidato cha pili na cha nne hufanya mitihani. Familia za bondeni huhamia mashamba ya mpunga, na watoto huhama nazo. Wavulana wa pwani hujifunza mapema kwamba chombo kikirudi na samaki kuna pesa siku hiyohiyo. Jando na unyago, zikifanyika wakati wa likizo ya Juni au Desemba, hazigongani na masomo. Sherehe zikizidi likizo, mtoto hurudi akiwa ameachwa nyuma. Mimba nazo zimewatoa wasichana wengi shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua, lakini kurudi kunahitaji mtu wa kubaki na mtoto nyumbani.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unapunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho. Makundi mawili yatahitaji nafasi za kidato cha kwanza Januari 2028, katika sekondari zilezile za kata, na vyumba vya ziada, madawati na walimu wa sayansi vitahitajika kwa wakati mmoja.