Mke wa Kutoka Ng'ambo ya Mpaka: Karatasi Zake na za Watoto

Wasomaji wetu wa Busia na Malaba, na wengine wa upande wa Taveta na Lunga Lunga, wametuuliza swali hili mara nyingi. Mtu ameoa ng'ambo, mke amekaa hapa miaka kumi na tano, amezaa, analima, ni mwanachama wa kikundi. Je, huyu si Mkenya tayari?

Jibu ni la, bado. Ndoa peke yake haimfanyi mtu kuwa raia. Inampa haki ya kuomba, na asipoomba atabaki mgeni hata akizeeka hapa.

Tulikutana na mama mmoja, mzaliwa wa Uganda, ambaye kikundi chake kilimchagua kuwa mweka hazina. Siku ya kwenda benki kufungua akaunti akaulizwa kitambulisho, hana. Wenzake walilazimika kuchagua mwingine papo hapo, na mama akarudi nyumbani amenyamaza. Lakini hiyo aibu ilikuwa ndogo. Mzee wake alikuwa mgonjwa, na hawakuwa na cheti cha ndoa. Kama mzee angefariki, angewaonyesha nini mashemeji wakianza maneno ya shamba?

Basi tuanze na cheti cha ndoa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 15, inasema mtu aliyeolewa au kuoa raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka saba ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Haki hii ni ya mke na ya mume pia. Zamani haikuwa hivyo. Mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni, bwana hakupata haki hiyo. Lakini afisi haihesabu miaka saba kwa maneno ya mdomo. Inataka karatasi. Wengi wetu tulitoa ng'ombe, tukala, tukaimba, tukaishia hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya kimila, lakini inataka iandikishwe, na wenye ndoa wanatakiwa kumjulisha msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kumaliza mila. Kama yenu ni ya zamani, nendeni kwa msajili wa ndoa mkaulize hatua za kufuata. Pitieni kwa chifu kwanza, na mtafute wazee walioshuhudia mahari. Fanyeni hivyo wangali hai.

Na kabla ya miaka saba kuisha? Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa pasi ya kuingia na kukaa hadi miezi sita. Yule anayekuja kukaa na mume anahitaji pasi ya mtegemezi, ambayo mume ndiye anamwombea. Ndoa ikifika miaka mitatu, anaweza kuomba kibali cha kukaa Kenya daima. Kibali hicho si uraia, hapigi kura nacho, lakini kinamwondolea wasiwasi akiulizwa karatasi njiani.

Maombi yote haya hupitia mtandao wa eCitizen, na malipo ni huko huko. Msiokuwa na simu kubwa, mwombeni kijana wa kikundi awasaidie, au mwende Huduma Centre. Msimpe mtu pesa mkononi eti ana ndugu Nyayo House.

Jambo la kuangalia: Tanzania kwa kawaida hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Uganda inaruhusu kwa masharti. Kwa hiyo mama wa kutoka Tanzania aulize kwanza Uhamiaji wa kwao, hasa kama ana urithi huko.

Sasa watoto. Hapa kuna habari njema ambayo watu wengi hawaijui. Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba AU mama alikuwa raia wa Kenya, hata kama alizaliwa nje ya nchi. Haidhuru mama alikwenda kujifungua kwao Tororo. Mtoto huyo hangoji miaka saba. Anachohitaji ni ushahidi. Aliyezaliwa hapa nyumbani aandikishwe kwa naibu wa chifu ndani ya miezi sita. Ikipita hapo ni usajili wa kuchelewa, una maswali mengi zaidi. Aliyezaliwa Uganda apate cheti cha kuzaliwa cha huko huko, kikiwa na jina la mzazi Mkenya kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Tumeona kijana wa miaka kumi na minane akihangaika kwa sababu baba ni "Wafula" huku na "Wafulla" kule.

Je, kama wazazi hawajaoana? Zamani jina la baba halikuingia bila wote wawili kukubaliana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kipengele hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Hili ni muhimu sana pale mama ni mgeni na baba ndiye Mkenya, kwa maana bila jina la baba mtoto hana pa kushika.

Kuna njia ya mkato ambayo nyote mnaijua. Mama anaandikishwa kama binti wa mjomba fulani wa hapa, anapata kipande mwezi huo huo. Tunawasihi muiache. Kifungu cha 17 kinaruhusu uraia uliopatikana kwa udanganyifu kufutwa, na siku hiyo anaweza kuhatarisha hata ile haki ya ndoa aliyokuwa nayo kweli. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walikaa miaka mingi bila uraia. Mwezi wa Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, na wakaandikishwa kwa majina yao wenyewe.

Yule mama wa benki? Ndoa imeandikishwa sasa, mzee alitia sahihi akiwa amekaa kitandani. Vyeti vya watoto wawili vimetoka, cha tatu kinangoja. Maombi yake ya uraia yamepokelewa, na kikundi kimemwekea nafasi yake.