Kabla picha ya mahafali haijarushwa
Mahafali ya darasa la saba yakifika, wapiga picha wa Katesh, Haydom na Mbulu mjini huwa na kazi. Mtoto anainua cheti, mama anamvisha maua, picha inapigwa. Kabla haijasafishwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, jina la mtoto na nembo ya shule vikisomeka vizuri tu. Mara nyingi mzazi haulizwi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Basi mzazi aseme mapema, wakati wa kupatana bei: picha ya karatasi sawa, mtandaoni hapana. Ikiwa imesharusharushwa, aombe ifutwe. Mpiga picha anayetegemea kuitwa tena kwenye kipaimara atasikia.