Funga laini kabla hujafunga begi: namna ya kulinda simu safarini

Siku moja mama mmoja alifika hapa kituoni akihema. Aliomba tumtangazie kwamba ameibiwa pochi ndani ya basi, na kwamba mlikuwa na simu. Tulipomuuliza ni simu ya aina gani, akasema kitochi. Nikamwambia, pole mama, kitochi kinanunulika. Akanitazama, akasema: "Mwanangu, silii simu. Nalia hela za watu."

Mama huyo ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku hiyo alikuwa anakwenda mjini kununua mbegu na mbolea kwa niaba ya wenzake, na michango yote ilikuwa kwenye laini. Namba yake ya siri ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Kwenye pochi hiyo hiyo kulikuwa na kadi yake ya mpiga kura, yenye tarehe ya kuzaliwa. Mwizi hakuhitaji utaalamu wowote. Alisoma kadi, akajaribu mwaka, pesa zikahama. Kisha akaanza kuwaandikia ndugu: "Nimepata dharura njiani, nitumie elfu thelathini." Kaka yake akatuma.

Msikilizaji, wengi wetu tunaposafiri tunalinda simu kama kifaa. Kilicho ghali zaidi ni laini iliyo ndani yake. Leo tueleze hatua kwa hatua.

Kufuli mbili, si moja

Wenye simu janja huweka nywila au alama ya kidole kwenye kioo, wakaona wamemaliza. Hiyo inafunga simu, haifungi laini. Mwizi akichomoa laini na kuiweka kwenye simu yake, itafanya kazi kama kawaida. Atapokea ujumbe wako, atawapigia ndugu zako kwa namba yako, na hata kufungua WhatsApp yako, kwa sababu namba ya uthibitisho inakuja kwa ujumbe mfupi kwenye laini hiyo hiyo.

Dawa yake ni kuweka PIN ya laini. Ukiiweka, kila simu inapowashwa, au laini inapohamishiwa simu nyingine, itadai PIN kwanza. Inawezekana hata kwenye kitochi: ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya usalama, halafu uwashe ombi la PIN. Kwenye simu janja nayo ipo ndani ya mipangilio ya usalama, sehemu ya kufunga laini.

Hapa kuna tahadhari moja. Simu itakuomba PIN ya mwanzo iliyokuja na laini, kwa kawaida imeandikwa kwenye kile kipande cha plastiki ulichobandulia laini. Usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inajifunga, na itadai namba ya PUK yenye tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, laini hiyo imekufa. Kama huijui PIN ya mwanzo, piga 100 uulize huduma kwa wateja. Ifanye kazi hii nyumbani ukiwa umetulia, siyo stendi.

PIN ya laini inadaiwa simu inapowashwa upya tu. Mwizi akiipata simu ikiwa imewaka, haitamzuia. Ndiyo maana unahitaji na kufuli ya kioo. Kufuli ni mbili.

Namba ya siri ya pesa nayo isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe 1234, na isiandikwe kwenye karatasi ndani ya kava ya simu.

Mambo ya kuandika kabla ya kuondoka

Piga *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15 inayoitwa IMEI. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Hiki ndicho kitambulisho cha simu yenyewe, na ndiyo namba iliyotumika TCRA ilipozima simu bandia mwezi Juni 2016. Iandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Pembeni yake andika namba yako ya NIDA na namba za simu za watu wawili wa karibu. Wengi hatuijui kwa kichwa hata namba ya mwenza wetu, na simu ikipotea kila kitu kimepotea nayo.

Ukibeba fedha za kikundi, acha pesa kwenye laini inayobaki nyumbani kwa mtu mnayemwamini, azitume ukishafika dukani.

Ndani ya basi na stendi

Ukikaa dirishani, usiongee na simu basi linaposimama. Mkono mmoja kutoka nje unatosha kuinyakua. Ukitaka kusinzia, simu iwe mfuko wa ndani, siyo mapajani. Vitambulisho viwe mbali na simu. Juisi au biskuti za abiria usiyemjua, shukuru na uziache.

Mtu akikuomba simu apige mara moja, mpigie wewe, uweke sauti ya nje, simu ibaki mkononi mwako. Ukiiacha kwenye kibanda cha kuchaji, izime kwanza. Mwenye kuiwasha atakutana na PIN.

Ukiwa kwenye bodaboda msimu wa mvua, weka simu kwenye kopo dogo lenye mfuniko unaobana. Ikilowa, izime, toa betri kama inatoka, iache ikauke kwenye hewa. Usiichaji ikiwa na maji. Vilevile usiiache juani mbele ya kioo cha gari, maana joto kali huharibu betri.

Ikishaibiwa: usianze kumtafuta mwizi

Azima simu haraka. Kumbuka, namba 100 inakupeleka kwenye mtandao wa simu unayopigia. Kama laini yako ni ya mtandao mwingine, tafuta mtu au wakala wa mtandao wako. Omba wafunge laini na akaunti ya pesa. Watakuuliza majina kamili, namba ya NIDA, pengine na miamala yako ya mwisho.

Pili, waambie ndugu wasitume chochote. Tatu, nenda polisi ukachukue ripoti ya upotevu, ukiwa na ile IMEI. Nne, nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho, uweke alama za vidole, urudishiwe namba ile ile. Pesa haikai ndani ya simu wala ndani ya laini. Iko kwenye akaunti, na kama uliwahi kufunga, utaikuta.

Na wewe uliyebaki nyumbani, ukipata ujumbe wa kuomba hela kutoka kwa msafiri, usijibu kwa ujumbe. Piga, usikie sauti yake.

Yule mama alilipa deni la wenzake kwa mavuno ya msimu mzima. Alituruhusu kusimulia haya kwa sharti moja: tusiishie kumpa pole, tuwafundishe na wengine kuweka PIN. Basi kabla ya safari yako ijayo, kaa chini na kijana wa nyumbani, muiweke.