Ndizi zilizopinda, habari zilizopinda

Mpenzi msomaji, hebu fikiria uko Marigiti ukinunua ndizi, kisha gazeti likuambie wakubwa wa nchi za mbali wamepiga marufuku ndizi zilizopinda. Utacheka au utakasirika? Waingereza wengi walikasirika.

Chanzo ni kanuni ya Tume ya Ulaya, Brussels, ya mwaka wa 1994. Ilitaka ndizi mbichi zisipinde kupita kawaida na urefu wake usipungue sentimita 14. Lakini kanuni hiyo hiyo iliruhusu zenye kasoro ya umbo ziuzwe katika daraja la pili. Kipande hicho ndicho magazeti kadhaa ya London yalichokimeza.

Usidhani, hata hivyo, kwamba lawama ni za upande mmoja. Wale waliotaka Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya nao walikuwa na kilio chao. Walisema BBC, ambayo hutegemea ada ya leseni ya televisheni na ambayo haitakiwi kuegemea upande, iliwafanya waonekane watu wasio na akili timamu. (Ndiyo BBC ile ile ambayo Idhaa yake ya Kiswahili tumeisikiliza tangu 1957.)

Magavana wa shirika hilo walimpa Lord Wilson, aliyewahi kuwa katibu wa baraza la mawaziri, kazi ya kuongoza uchunguzi. Ripoti ya Januari 2005 haikuona upendeleo wa makusudi. Iliona jambo ambalo kwangu mimi ni baya zaidi: wanahabari wasioujua Umoja huo vya kutosha, waliotazama kila jambo kana kwamba ni ugomvi wa vyama vya London, na mengi ya maana yakaachwa bila kutajwa. Mtu anayekupendelea kwa makusudi utamgundua. Asiyejua kwamba hajui utamgunduaje?

Kura ya maoni ya Juni 2016 ilileta kilio kipya. Basi jekundu la kampeni ya kujitoa lilidai Uingereza hupeleka Brussels pauni milioni 350 kila wiki. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilisema hesabu hiyo inapotosha, kwani haikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipata tangu enzi za Margaret Thatcher. Safari hii waliotaka kubaki ndio waliolalamika: kwa nini BBC inawapa wenye hesabu sahihi na wenye hesabu mbovu nafasi sawa?

Magazeti hayafungwi na sharti hilo. The Sun na Daily Mail yaliunga mkono kujitoa. The Guardian na Daily Mirror, kubaki. Kituko ni Mail on Sunday, ndugu wa Daily Mail, lililosema tubaki!

Waliotaka kutoka walishinda kwa asilimia 51.9, na Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari 2020. BBC ilikuwa ingali ikilaumiwa na pande zote mbili.