Barafu ya Kale na Fukwe Zetu

Wapo watakaotuuliza: mvuvi wa Kojani au karani wa Wete ana haja gani na barafu ya Ncha ya Kusini, ambayo hajaiona wala hatarajii kuiona? Swali hilo ni la haki, na inafaa lijibiwe.

Kandokando ya bara la Antaktika yapo mabamba makubwa ya barafu yaeleayo juu ya bahari, yenye unene wa mamia ya mita. Bamba la Ross peke yake linakaribia ukubwa wa Ufaransa. Kwa kuwa yanaelea, kuyeyuka kwake hakupandishi bahari kwa kiasi cha kutajika, kama vile barafu iyeyukavyo gilasini bila ya maji kumwagika. Hatari iko nyuma yake. Bamba ni mfano wa gogo lililoegemezwa mlangoni. Likiondoka, mito ya barafu iliyoko nchi kavu huteremka baharini kwa kasi. Mwaka 2002 bamba la Larsen B, lenye kilomita za mraba 3,250, lilivunjika vipande vipande kwa muda wa siku 35 hivi, nalo lilikuwa limedumu kwa miaka 10,000 au zaidi. Mito iliyokuwa nyuma yake ikaongeza mwendo.

Je, hayo yalipata kutokea kwa ukubwa zaidi zamani? Mwishoni mwa 2006 wataalamu wa Marekani, New Zealand, Italia na Ujerumani walitoboa sakafu ya bahari chini ya barafu ya McMurdo, wakatoa mashapo ya urefu wa zaidi ya mita 1,200. Humo walikuta udongo uliosagwa na barafu ukipokezana na mabaki ya vijimea vya bahari iliyo wazi. Yaani barafu iliondoka ikarudi, tena mara nyingi. Mwaka 2009 David Pollard na Robert DeConto, wa vyuo vikuu vya Marekani, walitangaza hesabu zao za kompyuta za miaka milioni 5. Kompyuta hiyo huligawa bara katika miraba, ikapewa kanuni za mwendo wa barafu, theluji na joto la bahari, kisha ikapiga hesabu hatua kwa hatua. Majibu yake yalilingana na mashapo: barafu ya Antaktika Magharibi iliporomoka mara kadhaa, na kila badiliko lilichukua miaka elfu moja au elfu chache, hasa kwa maji ya uvuguvugu yaliyoila kutoka chini.

Kompyuta si mpiga ramli. Mwaka 2016 mabwana hao hao walikadiria kuwa Antaktika yaweza kuipandisha bahari kwa zaidi ya mita moja kabla ya 2100 iwapo moshi wa viwanda hautapunguzwa. Mwaka 2021 wakayashusha makadirio yao wenyewe. Wapo wanaolicheka jambo hilo. Sisi tunaliona kuwa ni uaminifu, na tungependa kuuona katika makadirio mengine mengi yanayoletwa mezani kwetu.

Zaidi ya hayo, ushahidi mwingine uko jirani. Katika visiwa vya Shelisheli yamepatikana matumbawe ya miaka 125,000 hivi iliyopita, yaonyeshayo kuwa bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Tena barafu ya Antaktika ikipungua, mvuto wake juu ya maji hupungua pia, na maji huondoka kule yakajaa mbali. Bahari ya Hindi ni miongoni mwa sehemu zinazotazamiwa kupokea zaidi ya wastani.

Pemba mashamba kadhaa ya mpunga yamekwisha kuingiliwa na maji ya chumvi. Kwa hiyo twawaomba wakuu wanaohusika mambo mawili. Kipimo cha maji cha bandari ya Unguja, ambacho kumbukumbu zake zinaanzia 1984, kitunzwe bila ya kukatizwa, na Pemba ipatiwe chake. Na kibali cha kujenga ufukweni kisitiwe sahihi kabla ya mwombaji kuulizwa jengo lake litasimama kimo gani juu ya maji makuu ya bamvua.