Furu Huchaguana kwa Macho

Kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza, katika Ziwa Viktoria, wanaishi samaki furu wa aina mbili walio ndugu wa karibu mno. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, mwenye dume la buluu. Wa pili ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, mwenye dume la mgongo mwekundu. Majike wao wamefifia rangi na kuwatofautisha ni kazi. Wakipandishwa kwenye matangi huzaa machotara wazima, nao machotara huzaa. Kwa hiyo kinachowatenga si damu, ni mwanga. Katika ziwa hili mwanga wa buluu huishia karibu na uso wa maji, mwekundu hupenya zaidi. Furu wa buluu hukaa juu, mwekundu chini yake kidogo, na macho ya kila mmoja yamezoea mwanga wa kwake. Jike humfuata dume ambaye rangi yake anaiona vizuri. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba chini ya taa nyeupe majike huchagua madume wa aina yao, lakini chini ya taa inayofuta tofauti ya rangi, uchaguzi huo hupotea.

Msomaji atauliza: kama huzaa machotara wenye rutuba, si samaki wale wale tu? Kisiwa cha Makobe kinajibu. Huko maji ni maangavu, na aina hizo mbili hubaki mbali kwa rangi, kwa macho na kwa vinasaba, ingawa hakuna ukuta kati yao. Ndani kabisa ya ghuba, kisiwani Luanso, ambako maji ni ya tope, hakuna aina mbili: kuna kundi moja la rangi zilizochanganyika.

Wengine watasema aliyewamaliza furu si tope, ni sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Ni kweli kwa furu wengi wa maji ya wazi, ila sangara humeza samaki, hawezi kuwageuza wawili kuwa mmoja. Hoja nzito zaidi ni ile ya vinasaba: utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mamia ya aina za furu wa ziwa hili yanatokana na uchotara wa kale. Mbona basi tuuogope? Kwa sababu uchotara ule ulifuatwa na utengano, na kwa furu hawa wa mawe utengano huhitaji mwanga. Mmomonyoko wa udongo, mbolea na maji taka vinavyolisha mwani vinauzima mwanga huo. Halmashauri inayopanga kulinda samaki kwa kukagua nyavu peke yake, bila kugusa mito inayoleta tope na mifereji ya maji taka, haijawalinda furu hawa.