Kompyuta imekufa? Simu ipo

Jamani, wiki mbili kabla ya kukabidhi tasnifu, laptop yangu ilizimika moja kwa moja. Fundi alitaka pauni 200, ningezitoa wapi? Nikageukia simu yangu ya Android. Nikashusha Termux kutoka F-Droid, nikaandika pkg install python, na programu zangu ndogo za Python zikaenda bila matata.

Numpy ndiyo ilinitesa. Ukiiomba kwa pip, simu huanza kuiunda upya yenyewe hadi inachemka kama chai. Andika pkg install python-numpy, inakuja ikiwa tayari. Halafu Android hupenda kuua hesabu ndefu skrini ikizimika, kwa hiyo tanguliza termux-wake-lock. Kuandika mabano kwa kidole gumba ni adhabu, azima kibodi ya Bluetooth. Bahati yangu, mafaili nilikuwa nimejitumia kwa barua pepe.